Kiti Kando ya Meza Yangu

Walimleta mzee mmoja kila asubuhi kwa pikapu ya kampuni, wakamshusha taratibu kama kabati la vyombo, wakamkalisha kwenye kiti kando ya meza yangu. Mguu wake wa kulia ulikuwa na plasta hadi chini ya goti. Tuliuweka juu ya boksi la ripoti za mwaka uliopita, kwa sababu ofisi haikuwa na stuli na ripoti zile hakuna aliyekuwa akizisoma. Kazi yake ilikuwa kukaa. Saa za kazi zikiisha, pikapu ilirudi kumchukua, na katika jedwali la usalama siku hiyo ikahesabiwa kuwa siku safi, siku ambayo hakuna mfanyakazi aliyekosa kazi kwa ajali.

Mwongozo ulisema hivyo, au tuseme shefu wangu, yaani bosi, aliusoma hivyo. Viwango vya kuripoti uendelevu katika migodi viliandikwa mbali sana na mji wetu wa Kolwezi, Kongo, na watu ambao sidhani walikuwa na nia mbaya. Viliuliza maswali mazuri. Maji ya mto yakoje baada ya ninyi kuyatumia? Vumbi linakwenda wapi? Mmewahamisha watu gani, na sasa wanaishi vipi? Wafanyakazi wangapi wameumia kiasi cha kukosa siku ya kazi? Hilo la mwisho ndilo shefu alilolipenda, maana lilikuwa na mlango wa nyuma. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Shefu aliligeuza: aliyekuwepo kazini, ajali yake haipo.

Mimi ndiye niliyekuwa mwandishi wa ripoti hiyo. Kampuni ilikuwa ya wageni, kiwanda chake kidogo nje ya mji, kikitoa mabamba ya shaba na mifuko ya kobalti. Nilikuwa na kompyuta moja, feni iliyogoma, na mwongozo mnene kama misale ya kanisani. Nilikuwa nimeusoma mara nyingi hadi nikawa naujibu usingizini. Mwanzoni niliupenda, nakiri. Nilidhani kitu kikiulizwa kwa maandishi kitajibiwa kwa ukweli. Baada ya miaka michache nilibaki na uchovu tu, ule uchovu wa mtu anayepiga deki nyumba ambayo watu wanaingia na matope.

Mwaka ule bei ya shaba ilianguka, na kobalti hata kuitaja ilikuwa aibu. Kila wiki tulisikia geti lingine limefungwa, Wazungu wake wameondoka, Wachina wake wameondoka, walinzi wamebaki wakilinda kutu. Soko la Manika lilijaa akina baba waliokuwa bado wamevaa buti za kazi, wakiuza sabuni na nyaya za umeme. Bei ya unga ilipanda pale pale mishahara ilipokuwa ikichelewa, na wanawake wakaanza kuununua kwa kopo badala ya mfuko. Shefu alituita akasema kuna mnunuzi anaiangalia kampuni yetu, na mnunuzi huyo anataka ripoti safi iliyokaguliwa na mtu wa nje. "Ripoti safi ndiyo mshahara wenu," alisema. Kwa hiyo wote mle ndani, kuanzia mpishi wa kantini, walinitazama mimi.

Mwezi uleule polisi waliwafukuza wachimbaji wadogo waliokuwa wakichimba kwenye kilima kilichopakana na eneo letu. Niliwaona kutoka dirishani wakishuka na ndoo, magodoro, masufuria, na wanawake waliokuwa wakiwapikia wakiwa wamebeba meza kichwani. Nilipofika kwenye swali la watu waliohamishwa, nilimuuliza shefu niandike nini. "Haihusiki," alisema. "Hawakuwa na nyumba. Walikuwa na mahema ya plastiki." Nilimwambia mtu anayelala kwenye plastiki naye hulala mahali. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto anayeuliza maswali kanisani, akajaza mwenyewe lile neno. Haihusiki. Nimeliona neno hilo mara nyingi zaidi kuliko nilivyoliona jina langu likiandikwa.

Yule mzee wa kwenye kiti nilimjua tangu utoto wangu. Nilimwita tata, kama tunavyomwita kila baba mwenye umri wake, lakini kwake neno hilo lilikuwa na uzito zaidi. Alikuwa amefanya kazi karakana moja na baba yangu, zamani za ile kampuni kubwa ya serikali iliyotulisha sote. Yeye alitoka kaskazini mwa Katanga, Mkatoliki wa kuimba besi kila Jumapili kwa sauti iliyotikisa mabenchi. Sisi tulikuwa watu wa Kasai, jimbo jirani. Babu yangu aliletwa kuchimba shaba, baba yangu alizaliwa kambini, nami nikazaliwa kambini, na Kasai tuliijua kwa nyimbo za misiba tu. Nyumba zetu zilikuwa zimetenganishwa na ukuta mmoja, na mama yangu na mke wake waliazimana chumvi juu ya ukuta huo.

Kisha kampuni ya serikali ikaporomoka, mishahara ikawa hadithi, na watu wenye njaa wakaambiwa njaa yao ina kabila. Walituita bilulu, yaani wadudu. Wavulana niliosoma nao walipita barabarani wakiimba tuondoke, turudi kwetu. Kwetu wapi? Baba hakuwa na hata picha ya huko.

Katika siku zile tata alifanya jambo ambalo sijalisahau. Alitoa kigoda chake nyumbani, akakiweka mbele ya mlango wetu, akakaa. Hakuwa na panga wala rungu. Alikaa tu tangu asubuhi, akichonga mpini wa jembe, na kila kundi lililokuja aliliuliza linamtafuta nani. Wakimwona ni mtu wao, tena mtu wa kanisani, walisonya wakaenda nyumba nyingine. Alikaa hivyo siku kadhaa. Halafu asubuhi moja walimwambia kwamba kama anapenda bilulu basi nyumba yake nayo itawaka. Alikuwa na watoto wadogo. Alisimama, akachukua kigoda chake, akamwambia baba, "Ndugu, leo siwezi." Baba akamjibu, "Najua." Alasiri ile tulikuwa stesheni, tumekaa juu ya mizigo pamoja na maelfu ya wengine, tukingoja treni ambayo haikuja upesi.

Tata alikuja stesheni mara nyingi, na kila mara alileta unga kwenye beseni lililofunikwa kitambaa. Watu wake walimcheka. Mama alilia kila alipoliona beseni lile. Treni ilipokuja hatimaye, tulipanda kwenye behewa la mizigo, tukapita Lubudi ambako wanawake walituuzia mahindi ya kuchemsha, tukaendelea hadi tukafika kule walikosema ni kwetu. Baba aliishi huko miaka michache tu. Karatasi ya kazi iliyomfikia baadaye kutoka karakanani ilisema aliacha kazi kwa hiari yake, na kwa ajili ya maneno hayo hakupata senti ya uzeeni. Alipomkumbuka tata hakuwahi kumlaumu. "Yule alikaa," alisema. "Wengine hata kukaa hawakukaa."

Nilirudi Kolwezi nikiwa mwanamke mtu mzima mwenye diploma. Nadhani ile karatasi ya baba ndiyo iliyonifanya nitafute kazi ya kuandika ripoti. Nilitaka awepo mtu mmoja wa kuandika sawasawa. Tata nilimkuta kiwandani, mzee, akifunga mabamba ya shaba kwa utepe wa chuma. Aliniangalia, akasema, "Eeh, mutoto ya ndugu yangu. Umekula?" Habari za kigoda hatukuzizungumza kamwe, yeye wala mimi.

Sasa nieleze habari za ubao, maana bila ubao mtu wa nje hawezi kuelewa ilikuwaje mzee mwenye akili zake akubali kuozea kwenye kiti.

Getini kulikuwa na ubao mkubwa wa kijani ulioonyesha siku ngapi zimepita bila ajali nzito. Migodi mingi inao. Lakini kwetu, ubao ulipofika kwenye namba ya mamia kamili, kila mfanyakazi alipewa mfuko mzima wa unga wa mahindi. Hakuna mwongozo uliosema hivyo. Lilikuwa wazo la shefu, na watu walilipokea kwa mikono miwili kwa sababu lilifanana na zamani, wakati kampuni ya serikali ilipogawa unga kwa kila familia kulingana na watoto. Kwetu kampuni isiyogawa unga si kampuni, ni duka la kununua jasho. Basi watu walilinda ubao ule kama wanavyolinda mtoto mchanga. Aliyekatwa kidole alikifunga kwa kitambaa akaendelea. Aliyepata moshi wa asidi kifuani alisema ni mafua. Mtu akiandikwa kuwa ameumia, ubao unarudi sifuri na unga wa watu wote unapotea, na mtu gani anataka kupita Manika akinyooshewa kidole na wake wa wenzake?

Bunda la mabamba lilimwangukia tata mguuni zikiwa zimebaki wiki chache ubao ufike kwenye namba ya unga. Wenzake walimbeba hadi nyuma ya stoo. Walionisimulia wanasema kabla hata hajalia alisema, "Hapana kuandika! Musiandike kitu!" Zahanati ya kampuni ilimfunga plasta, shefu akatoa amri ya pikapu na kiti, na kila mtu akafurahi. Kila mtu isipokuwa mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekaa naye.

Siku za kwanza ilikuwa karibu raha. Alinitania kwamba sasa yeye ni bwana mkubwa wa biro, yaani wa ofisi. Alizichonga penseli zangu zote. Alinisimulia jinsi baba yangu alivyokuwa akidanganya kwenye mchezo wa dama, na nilicheka hadi nikatokwa na machozi. Kisha akaanza kunyamaza. Jasho lilimtoka hata asubuhi ya baridi. Vidole vilivyochungulia kwenye plasta vikawa vyeusi, halafu ikaja harufu. Nilifungua madirisha, nikajidanganya ni panya aliyekufa darini. Nesi wa zahanati alimpa vidonge, akaniambia pembeni kwamba mguu ule unataka hospitali kubwa na mpasuaji, na kwamba kampuni haiwezi kumpeleka huko bila kuandika tamko la ajali ya kazini.

"Tata," nilimwambia siku hiyo, "niache niandike."

"Uandike nini?"

"Kwamba umeumia kazini. Leo hii utaenda hospitali."

"Na ubao?"

"Ubao ni ubao tu."

Alinikazia macho. Sijawahi kumwona mkali vile. "Ubao iko bunga," alisema, yaani unga. "Ile bantu yote iko na batoto. Mushahara hakuna, ku soko bunga iko bei ya moto. Inabakia siku kidogo tu. Mugulu itangoja."

"Mguu haungoji, tata. Unanuka."

"Mi nasikia harufu mbele yako. Iko mugulu yangu." Akageuza uso kuelekea dirishani. "Bakichukua bunga ya bale bantu juu yangu, nitapita wapi mu Manika?"

Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, shefu, ubao, na wale watu wa mbali walioandika swali zuri bila kujua litafika kwenye mji wenye njaa. Nilitoka nje nikasimama karibu na stoo. Kupitia dirisha niliiona mifuko ya unga imeshaletwa, imepangwa hadi juu, myeupe, na wanaume wawili wa zamu walikuwa wamesimama pale wakiitazama. Walinisalimia kwa heshima. Nao nisingeweza kuwachukia.

Mkaguzi alikuja wiki hiyo. Alikuwa mama kijana, mpole, kofia yake ya usalama mpya kabisa. Alipima maji, akauliza kuhusu vumbi, akaingia ofisini kwangu akamkuta tata kwenye kiti. Shefu alitabasamu akasema huyu mzee anatusaidia kupanga majalada. Mkaguzi akataka kuzungumza naye. Hakujua Kiswahili, na tata Kifaransa chake alikuwa amekiacha kwenye kampuni ya serikali, kwa hiyo nikawa mkalimani.

Aliuliza kama kazi inampendeza.

"Umuambie kazi iko muzuri," alisema tata. "Mi niko muzee, bananipa kazi ya kuikala."

Nilitafsiri neno kwa neno: kazi ya kukaa.

Aliuliza mguu umekuwaje.

Tata hakunitazama. "Nilianguka ku nyumba. Ku choo."

Nikatafsiri hilo pia. Anasema alianguka nyumbani, chooni. Mkaguzi aliandika. Nilimwona akikunja pua kidogo kwa ile harufu, kwa adabu, kama mgeni aliyepewa chakula asichokipenda, na kalamu yake ikaelekea kwenye swali linalofuata. Shefu alikuwa ameshashika kitasa cha mlango.

"Hayo ni maneno yake," nikasema. "Haya sasa ni yangu." Nikamweleza yote: mabamba, stoo, pikapu, boksi la ripoti chini ya mguu. Nilipomaliza, tata alikuwa amefumba macho. Hakuhitaji mkalimani ili ajue nimesema nini.

Alipelekwa hospitali siku ileile. Mpasuaji alikata vidole vyote vya mguu ule, akasema angechelewa kidogo angekata kutoka kwenye goti, na kama angechelewa zaidi asingekuwa na haja ya kukata. Mficha maradhi, kilio kingemfichua. Jioni hiyo mlinzi alipanda ngazi getini akabadilisha namba za ubao kuwa sifuri huku wanaotoka kazini wakimwangalia. Stoo ilifungwa kufuli na unga ukiwa ndani.

Nilikwenda kumwona wodini na machungwa. Aliniona nikiingia, akageukia ukutani.

"Nani alikutuma?" alisema.

"Hakuna."

"Njo vile," akakubali. "Hakuna."

Nikayaacha machungwa kwa mke wake, ambaye naye aliyapokea bila kuniangalia.

Wiki mbili tatu baadaye kampuni ilifunga geti kwa mnyororo. Mnunuzi alikuwa ameshajitoa. Mimi nilijua, kwa kuwa barua zilipita mezani kwangu, kwamba alijitoa kwa ajili ya bei na alikuwa akijitoa polepole tangu kabla ya mkaguzi kufika. Lakini nani angeniamini? Shefu alipanda ndege. Watu walivunja uzio wakachukua walichoweza badala ya mishahara yao: madawati, matairi, mabomba, hata feni yangu iliyogoma. Unga sijui uliishia kwa nani. Wenye nguvu, nadhani, kama kawaida ya unga.

Na maneno yakaanza. Kwanza sokoni, mama aliyenikata jicho nilipouliza bei ya sombe, majani ya muhogo. Kisha kwa sauti: Mukasai amekula bunga yetu. Kisha asubuhi moja nikakuta ukuta wa nyumba niliyopanga umeandikwa kwa mkaa, herufi kubwa: RUDIA KWENU. Nilichukua maji na kitambaa nikafuta haraka, kwa sababu niliujua ule mwandiko. Sisemi mwandiko wa mtu. Nasema niliyajua maneno yale tangu nikiwa na gauni la shule. Mwenye nyumba akaja, mtu mzuri, akakuna kichwa akasema, "Mama, ungeenda hata kidogo kwa bandugu yako, mupaka bantu batulie." Mchana vijana wakawa wanakusanyika ng'ambo ya barabara. Hawakufanya kitu. Walikaa tu na mawe mikononi wakiyarusha juu na kuyadaka.

Nilifungasha. Nilishangaa jinsi mikono ilivyoijua kazi ile: sufuria ndani ya sufuria, nguo ndani ya shuka, karatasi kifuani. Sikulia. Nilikuwa nimechoka mno kulia. Niliwaza kwamba baba alifukuzwa na watu wenye njaa kwa kuwa Mkasai, nami nafukuzwa na watu wenye njaa kwa kuandika sawasawa, na njaa ni ileile, na stesheni ni ileile. Nilipanga kuondoka kesho yake asubuhi.

Kesho yake asubuhi taxi-moto, pikipiki ya kukodi, ilisimama mbele ya nyumba. Nyuma ya dereva alikaa tata, magongo yake yamefungwa kwa kamba ubavuni, na amekumbatia kiti. Kiti kilekile cha ofisini, chenye mguu mmoja uliofungwa waya. Dereva alimsaidia kushuka. Tata akakiweka kiti mbele ya mlango wangu, upande wa barabara, akakijaribu kwa mkono kama kimesimama vizuri, akakaa, akanyoosha ule mguu usio na vidole, uliofungwa bandeji nyeupe, mahali ambapo kila mpita njia angeuona.

"Tata," nilisema. "Hicho kiti umekitoa wapi?"

"Bengine balibeba bakompyuta," alisema bila kunigeukia. "Mi nilibeba kiti yangu."

"Umenisamehe?"

"Bado. Lete mayi."

Nilimletea maji. Vijana walikuja mchana, na mawe yao. Tata aliwaangalia mmoja mmoja, maana baba zao alikuwa amefanya nao kazi na mama zao alikuwa ameimba nao. Akamwita mmoja. "Wee. Mama yako anajua uko na jiwe mu mukono?" Yule kijana akauangalia mguu. Wote waliuangalia. Kila mtu mjini alijua mguu ule uliozea wapi na kwa ajili ya unga wa nani. Hakuna aliyekuwa na haki ya kukasirika kuliko yeye, na yeye alikuwa amekaa mlangoni kwangu. Waliondoka wakisonya. Walirudi kesho yake wachache zaidi.

Alikuja kila asubuhi. Mimi nilipika bukari, ugali wetu, na sombe, nikamletea pale nje, akala bila kunishukuru na bila kuacha hata tonge. Jioni dereva wa taxi-moto alimfuata, na kiti kilibaki kibarazani kwangu. Hatukuzungumza sana. Mara nyingine alilala usingizi, kinywa wazi, na hata usingizini watu walipita kwa adabu. Mzigo wangu ulikaa mlangoni umefungwa, halafu siku moja nilihitaji sufuria, nikaufungua.

Baadaye barabara ilitulia. Wanawake wakaanza tena kunipa salamu sokoni, baridi baridi, lakini salamu. Kampuni nyingine ilifungua geti, wanaume wakapata cha kufikiria. Lakini tata aliendelea kuja. Mvua zilianza, naye alikuja na mwavuli. Nilimwona anavyopata shida kushuka kwenye pikipiki, nikamwonea huruma, nikatoka nikachuchumaa karibu na kiti.

"Tata, imetosha," nilimwambia. "Hawaji tena. Kaa nyumbani upumzike."

Alikuwa akichonga kitu, mpini wa jembe. Aliendelea kuchonga, maganda yakidondoka juu ya bandeji.

"Ile mara ya kwanza," alisema, "nilisimamaka mbio sana."